Mguu Mmoja, Kazi Mbili: Jinsi Saketi Inavyosema na Kusikia kwa Waya Mmoja

Mto Mara huanzia katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya. Hupita katika mbuga ya Maasai Mara, huingia Tanzania ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kisha hutiririka kati ya Wilaya ya Tarime upande wa kaskazini na Wilaya ya Serengeti upande wa kusini, kabla ya kupotea katika vinamasi na hatimaye kumwaga maji yake katika Ziwa Victoria. Safari hiyo ni ya kilometa 395 hivi. Wakulima, wafugaji na wavuvi wa pande zote mbili hutegemea maji hayo, na ndivyo walivyo nyumbu na pundamilia wa hifadhi wakati wa kiangazi.

Mto huo una tabia ya kubadilika upesi. Mvua kubwa ikinyesha Mau, maji hupanda huku chini hata kama mbingu za Nyamongo na Mugumu hazina wingu. Si kimo cha maji tu kinachobadilika. Utafiti wa Mto Mara uliochapishwa mwaka 1918 + 100, yaani 2018, ulionyesha kuwa maji ya mafuriko yanapokumba madimbwi ya viboko na kuyasafisha, uchafu wa samadi huteremka na mto, hewa ya oksijeni iliyoyeyuka majini hupungua, na mara nyingine samaki hufa. Machi 2022, katika sehemu ya chini ya mto, wakazi waliona samaki waliokufa na maji yaliyobadilika rangi, na Serikali ikaunda kamati ya kuchunguza. Katika mambo ya namna hii swali la kwanza la mtaalamu ni moja: maji yalikuwaje saa chache kabla ya tukio?

Kwa miaka mingi kimo cha mito kimesomwa na mtu anayekwenda ukingoni asubuhi na jioni kutazama ubao wenye alama za meta na sentimeta. Kazi hiyo ni ya thamani na haijapitwa na wakati. Lakini kilele cha mafuriko kikipita saa nane za usiku, ubao hauna wa kuusoma. Ndiyo sababu siku hizi mito mingi hupimwa pia kwa vihisio vya umeme. Kihisio kimoja hukaa chini ya maji kikipima kimo, kingine hupima oksijeni, kingine joto. Kinasa-takwimu hukaa juu ya ukingo, pamoja na betri na bamba la nishati ya jua, kikiuliza kila kihisio habari zake na kuzihifadhi.

Makala haya yanaeleza sehemu moja ndogo ya chombo hicho: mguu wa chipu uliounganishwa na waya wa mazungumzo. Mguu huo ni mmoja, na waya ni mmoja, lakini kinasa huutumia kuuliza na pia kusikia jibu. Ukiundwa vibaya, takwimu za usiku mzima hupotea bila mtu kujua.

Kwa nini waya mmoja?

Mtu aweza kudhani kuwa ni rahisi zaidi kutumia nyaya mbili, mmoja wa kuuliza na mwingine wa kujibu. Juu ya meza ya maabara ni kweli. Kando ya mto mambo ni tofauti. Kila waya unaoongezwa huongeza uzito na bei ya kebo, na huongeza tundu ambalo maji yanaweza kupenyea. Zaidi ya hayo, chipu ina miguu michache, na kila mguu una kazi ya kuufanya.

Kwa sababu hizo, mwaka 1988 wataalamu wa vipimo vya maji na hali ya hewa nchini Marekani walikubaliana juu ya utaratibu uitwao SDI-12, ambao bado hutumika katika nchi nyingi. Katika utaratibu huo kebo ina nyaya tatu tu: mmoja wa umeme wa volti 12, mmoja wa upande hasi, na mmoja wa mazungumzo. Vihisio hadi 10 vyaweza kushirikiana waya huo wa mazungumzo, kila kimoja kwa kebo yenye urefu wa hadi meta 60. Kinasa ndicho kinachoanza kusema, na kihisio kilichotajwa kwa namba yake ndicho kinachojibu. Vingine vyote hunyamaza.

Ni kama baraza la wazee. Anayesema husimama, wengine husikiliza, na akimaliza huketi. Ugumu hautokei wakati wa kusema wala wakati wa kusikiliza. Hutokea pale mtu anapomaliza kusema na asiketi.

Ndani ya mguu: hali tatu

Mguu wa chipu wenye kazi mbili una sehemu tatu ndani yake.

Sehemu ya kwanza ni ya kutolea. Ina transista mbili zinazofanya kazi kama swichi. Transista ya juu huunganisha mguu na upande chanya, tuseme volti 5. Transista ya chini huunganisha mguu na upande hasi, yaani volti 0. Ya juu ikifunguliwa na ya chini ikafungwa, mguu husema "juu". Kinyume chake, mguu husema "chini". Hazifunguliwi zote mbili kwa pamoja, kwani umeme ungepita moja kwa moja kutoka chanya hadi hasi.

Sehemu ya pili ni ya kuingizia. Hii husoma volti iliyo kwenye mguu na kuamua kama ni juu au chini. Haipitishi mkondo wa kutajika. Ni sikio tu. Katika chipu ya ATmega328P, ambayo imo katika bodi ya Arduino Uno inayojulikana na walimu wengi, ikiwa chipu inatumia volti 5, chochote kilicho chini ya volti 1.5 husomwa chini kwa hakika, na chochote kilicho juu ya volti 3.0 husomwa juu kwa hakika. Katikati hapana ahadi.

Sehemu ya tatu ni swichi ya mwelekeo, nayo ndiyo moyo wa jambo lote. Swichi hii ikizimwa, transista zote mbili za kutolea hufungwa kwa pamoja. Mguu hausemi juu wala chini. Umeachia waya. Hali hii huitwa hali ya tatu, na bila hiyo waya mmoja haungeweza kutumiwa na wasemaji wawili.

Yafaa mwanafunzi azingatie jambo hili kwa makini. Kusema "chini" si sawa na kunyamaza. Anayesema chini ameushika waya na kuuvuta kwenye volti 0. Aliyenyamaza ameuachia, na mwingine anaweza kuupeleka atakako.

Rejista mbili

Chipu huamuliwa hali hizo kwa namba zinazoandikwa katika rejista, yaani vijisanduku vya kumbukumbu. Kila mguu una nafasi moja katika rejista ya mwelekeo na nafasi moja katika rejista ya thamani. Wazo hili si jipya: chipu ya Motorola 6820 ya miaka ya 1970 ilikuwa tayari na rejista ya mwelekeo kwa kila mguu wake wa mazungumzo. Katika ATmega328P mpangilio ni huu:

Mwelekeo 0, thamani 0: mguu umeachia waya na unasikiliza.
Mwelekeo 0, thamani 1: mguu umeachia waya na unasikiliza, lakini rezista ya ndani inauvuta waya juu kwa upole.
Mwelekeo 1, thamani 0: mguu unasema chini.
Mwelekeo 1, thamani 1: mguu unasema juu.

Mstari wa pili umewapotosha wengi, nao utarudiwa hapa chini.

Wasemaji wawili wakigongana

Ichukuliwe kwamba kinasa kimesahau kuachia waya na kinaendelea kusema chini, huku kihisio kikianza kusema juu. Umeme utatoka upande chanya wa kihisio, utapita transista yake ya juu, waya, transista ya chini ya kinasa, na kuishia upande hasi. Transista iliyofunguliwa ina ukinzani mdogo, tuseme omu 25. Mbili hufanya omu 50. Kwa kanuni ya Ohm:

Mkondo = volti 5 ÷ omu 50 = ampea 0.1, yaani miliampea 100.

Mguu wa ATmega328P haupaswi kamwe kupitisha zaidi ya miliampea 40. Kwa hiyo kosa la sehemu ndogo ya sekunde laweza kuudhoofisha mguu, na likirudiwa huweza kuuua kabisa.

Dawa yake ni rahisi: rezista iwekwe kati ya mguu na waya. Ikitakiwa mkondo wa ajali usizidi miliampea 10, rezista isipungue volti 5 ÷ ampea 0.010 = omu 500. Katika maduka rezista iliyo karibu ni ya omu 510. Rezista hiyo ina faida nyingine. Ngurumo na radi si wageni katika bonde la Ziwa Victoria, na kebo ndefu hupokea mshtuko wa umeme hata radi ikipiga mbali. Rezista hupunguza mkondo unaofika kwenye chipu, ingawa haitoshi peke yake. Hapana budi kuongeza kifaa maalumu cha kumeza mshtuko.

Je, rezista haitadhoofisha sauti ya msemaji? Jibu hupatikana kwa hesabu. Utaratibu wa SDI-12 unataka "juu" iwe angalau volti 3.5. Kila kihisio kina rezista inayovuta waya kwenye upande hasi, ambayo haipungui omu 160,000. Vihisio 10 vikiwa sambamba, ukinzani wote ni omu 16,000. Volti itakayobaki kwenye waya ni:

5 × 16,000 ÷ (16,000 + 510) = volti 4.8 hivi.

Sauti inasikika vizuri. Ulinzi umepatikana kwa gharama ndogo.

Waya usio na mwenyewe

Kuna wakati ambapo kila mguu umeachia waya. Volti yake itakuwa ngapi? Kama hakuna kitu kingine, jibu ni kwamba haijulikani. Waya utaelea. Utaokota umeme wa redio, wa nyaya za jirani, hata wa mkono wa mtu aliye karibu, na sikio la chipu litasikia maneno yasiyosemwa na yeyote. Tena, volti ikikwama katikati, transista za sehemu ya kuingizia hufunguka nusu-nusu na kula betri bure.

Kwa hiyo kila waya wa pamoja huhitaji mahali pa kupumzikia. Hiyo ndiyo kazi ya rezista ya kuvuta. Katika SDI-12 waya hupumzika chini. Katika mitambo mingine, kama vile kihisio cha joto cha DS18B20 kinachopendwa na wanafunzi, waya hupumzika juu kwa rezista ya omu 4,700, na wasemaji wote huruhusiwa kuuvuta chini tu au kuuachia. Katika mpango huo wa pili wasemaji wawili wakikosana hakuna kinachoungua, maana hakuna anayesukuma juu kwa nguvu.

Basi mtu atauliza: kwa nini katika SDI-12 msemaji asisukume juu kisha aachie tu, rezista ya kupumzisha ikaurudisha waya chini? Hapa kebo yenyewe inatoa jibu. Nyaya mbili zinazokwenda pamoja hutunza chaji kama kapasita. Ikichukuliwa pikofaradi 100 kwa kila meta, kebo ya meta 60 ina pikofaradi 6,000. Kihisio kikiwa kimoja chenye rezista ya omu 160,000, muda wa saketi ni:

160,000 × 0.000000006 = sekunde 0.00096, yaani milisekunde 0.96.

Ili volti ishuke kutoka 5 hadi 1, ambayo ni mpaka wa "chini" katika utaratibu huu, huhitajika muda huo mara 1.6, yaani milisekunde 1.5. Lakini SDI-12 hupeleka biti 1,200 kwa sekunde, na kila biti hudumu milisekunde 0.83 tu. Waya uliotelekezwa juu utakuwa bado unashuka wakati karibu biti mbili zimekwisha kupita. Msemaji akiuvuta chini mwenyewe kupitia rezista ya omu 510, kazi hiyohiyo huchukua mikrosekunde 5 hivi. Kwa hiyo msemaji mwema hurudisha waya mahali pake pa kupumzikia kwanza, ndipo anauachia.

Namna ya kubadili zamu

Katika SDI-12 "moja" ni volti ya chini na "sifuri" ni volti ya juu, kinyume cha mazoea. Mazungumzo ya kinasa na kihisio namba 0 huenda hivi.

Kwanza, kinasa huamsha vihisio kwa kuushikilia waya juu kwa milisekunde zisizopungua 12. Pili, huushikilia chini kwa milisekunde zisizopungua 8.33. Tatu, hutuma amri yenye herufi tatu, 0M!, maana yake "namba 0, pima". Kila herufi ina biti 10 pamoja na alama za kuanza na kumaliza, nayo huchukua milisekunde 8.33. Amri nzima huchukua milisekunde 25. Nne, na hapa ndipo penye hatari, kinasa hutakiwa kuachia waya ndani ya milisekunde 7.5 tangu biti ya mwisho. Tano, kihisio kinashika waya na jibu lake lianze kabla milisekunde 15 hazijapita.

Tuseme jibu ni 00051. Maana yake ni kwamba kihisio namba 0 kitakuwa tayari baada ya sekunde 005, kikiwa na kipimo 1. Baadaye kinasa hutuma 0D0!, na kihisio hujibu, kwa mfano, 0+2.47. Hizo ni meta 2.47 za maji.

Kinasa kikichelewa kuachia, kila upande ukiwa na rezista ya omu 510, mmoja akisukuma juu na mwingine akivuta chini, waya utakaa katikati, kwenye volti 2.5. Utaratibu unatambua chini kuwa volti 1 kushuka, na juu kuwa volti 3.5 kupanda. Volti 2.5 si neno lolote. Hakuna kilichoungua, lakini mwanzo wa jibu umepotea, na kipimo cha saa ile hakitarudi.

Hatua za kubadili rejista nazo zina mpangilio wake. Mguu unaosikiliza una namba 0 na 0. Mguu unaosema juu una namba 1 na 1. Haiwezekani kubadili namba zote mbili kwa pigo moja, kwa hiyo mguu lazima upite katika hali ya kati: ama 1 na 0, ama 0 na 1. Ipi ichaguliwe? Kanuni ni hii: mguu upite katika hali inayofanana na mapumziko ya waya. Waya wa SDI-12 hupumzika chini. Basi mguu uanze kwa kusema chini, kitu ambacho hakibadilishi chochote kwenye waya, ndipo useme juu. Wakati wa kurudi, useme chini kwanza, kisha uachie. Kwenye waya unaopumzika juu, hali ya kati iwe ile ya rezista ya ndani. Anayefuata kanuni hii hatatoa kelele ya uongo wakati wa kubadili zamu.

Mtego wa rezista ya ndani

Sasa ule mstari wa pili wa rejista. Wanafunzi wengi huzoea kuwasha rezista ya ndani kila mguu unaposikiliza, kwa kuwa swichi za kubonyeza huhitaji hivyo. Rezista hiyo katika ATmega328P ni kati ya omu 20,000 na 50,000. Kwenye waya wa SDI-12 mazoea hayo ni sumu. Rezista ya ndani huvuta juu, ya kihisio huvuta chini, na yenye ukinzani mdogo hushinda. Ikiwa ya ndani ni omu 35,000 na kihisio ni kimoja chenye omu 160,000:

5 × 160,000 ÷ (160,000 + 35,000) = volti 4.1.

Waya uliopaswa kupumzika chini unaonekana juu wakati wote. Vikiwekwa vihisio 10, volti huwa 1.6 hivi, ambayo si juu wala si chini. Kwa hiyo mtambo uliokataa kufanya kazi ukiwa na kihisio kimoja waweza kuonekana "umepona" nusu ukiongezewa vingine, na fundi akatafuta ubovu katika kebo, betri au maji, kumbe ubovu ni namba 1 iliyoandikwa mahali pa 0. Kabla ya kulaumu kebo, mita ya volti iwekwe kwenye waya wakati wote wamenyamaza. Ikisoma karibu na 0, waya umepumzika. Ikisoma volti 4, kuna anayeuvuta.

Jaribio la darasani

Shule isiyo na kompyuta yaweza kuonyesha mambo haya yote. Vinahitajika betri tatu za volti 1.5 zilizounganishwa mfululizo, transista mbili za BC547, taa mbili za LED nyekundu, rezista mbili za omu 330, mbili za omu 22,000, mbili za omu 1,000, moja ya omu 10,000, na waya wa meta chache.

Waya mmoja mrefu uwe waya wa mazungumzo kati ya meza A na meza B. Kwenye kila meza, rezista ya omu 22,000 iunganishe waya huo na bezi ya transista. Emita iende upande hasi. Kolekta iunganishwe na LED na rezista ya omu 330 hadi upande chanya. Hilo ndilo sikio. Mdomo wa kila meza ni rezista ya omu 1,000 iliyofungwa kwenye waya wa mazungumzo, ncha yake ya pili ikiwa huru mkononi mwa mwanafunzi. Rezista ya omu 10,000 iunganishe waya wa mazungumzo na upande hasi. Hapo ndipo pa kupumzikia.

Hatua ya kwanza: A aguse chanya kwa ncha yake, B akiachia. Taa zote mbili zitawaka. Kisha B aseme, A akiachia.

Hatua ya pili: A aguse chanya na B aguse hasi kwa pamoja. Volti ya waya itakuwa 2 hivi, na taa zaweza kuwaka bado. B amesema chini lakini anasikia juu. Wanafunzi waulizwe: B angejuaje kuwa kuna mwingine anayesema? Rezista za omu 1,000 zisiondolewe katika hatua hii, kwani itakuwa shoti.

Hatua ya tatu: wote waachie. Rezista ya omu 10,000 iondolewe. Mwanafunzi mmoja ashike upande chanya kwa mkono mmoja na waya wa mazungumzo kwa mkono mwingine. Taa huweza kung'aa hafifu, kwa kuwa mwili wake unapitisha mkondo kidogo mno na transista inaukuza. Rezista irudishwe, na taa itazimika. Waya umepata mahali pa kupumzikia.

Jaribio hili lifanywe kwa betri tu, wala lisiunganishwe kamwe na umeme wa nyumba.

Mambo ya kukumbuka

Mguu wenye kazi mbili una hali tatu: juu, chini, na kuachia. Mbuni wake hana budi kujibu maswali manne kabla ya kushika chuma cha kulehemu. Nani anaruhusiwa kusema, na kwa muda gani? Wawili wakisema pamoja, mkondo utazuiwa na nini? Wote wakinyamaza, waya utapumzika wapi? Wakati wa kubadili zamu, mguu utapita katika hali ipi? Mtambo wenye majibu manne sahihi utaweza kukaa peke yake ukingoni mwa mto, usiku wa mvua, ukiuliza na kujibiwa, na asubuhi watu wa Tarime na Serengeti watakuwa na habari za maji yao.

Maswali

1. Chipu inatumia volti 3.3, na mkondo wa ajali usizidi miliampea 8. Tafuta rezista ndogo kabisa inayofaa.
2. Amri 0D0! ina herufi nne. Pamoja na kuamsha vihisio, inachukua milisekunde ngapi kuituma?
3. Rezista ya ndani ya omu 35,000 imewashwa kwa makosa, na vihisio ni vitano, kila kimoja kina omu 160,000. Volti ya waya ni ngapi wakati wote wamenyamaza? Je, hiyo ni juu au chini?
4. Eleza kwa maneno yako tofauti kati ya kusema chini na kuachia waya.

Majibu: 1. Omu 413 hivi. 2. Milisekunde 53.7 hivi. 3. Volti 2.4 hivi, si juu wala si chini. 4. Mwalimu ataongoza majadiliano.